Jibu: Fomu ya usalama wa utafiti kutoka kwa mshirika wa Marekani, mashine ya bure na sampuli za kupeleka nje

Ndugu mwuliza swali, umeleta mambo matatu kwa mpigo. Kuna fomu ya chuo mshirika cha Marekani inayotaka kujua kila mtafiti wenu ana uhusiano gani na nchi nyingine. Kuna mashine ya kusoma vinasaba mliyoahidiwa bure na kampuni ya Asia. Kuna sampuli za damu za wagonjwa wa homa zitakazotoka Uganda. Na mzee wenu, mkuu wa idara, anataka mjaze "hakuna" kila mahali ili fedha zije upesi. Kwa hilo la mwisho jibu ni fupi: msithubutu. Mwenye uhusiano na China akiutaja huulizwa maswali mawili matatu, kazi ikaendelea. Aliyeandika "hakuna", kisha jina lake likaonekana kwenye makala akiitwa profesa mgeni wa chuo cha huko, hapo mambo huanza kuwa mabaya.

Neno "usalama wa utafiti" huwafanya watu wafikirie majasusi. Mezani kwenu ni kazi inayokaribia uhasibu: nani analipwa na nani, nani ameshika nini, na je, karatasi zote zinasema neno moja?

Anzeni na saa za watu, maana hapo ndipo fomu nyingi huumbuka. Wafadhili wa Marekani, hasa NIH (taasisi za taifa za afya za huko), huhesabu muda wa mtafiti kwa miezi ndani ya mwaka wa miezi 12. Mchukulie mhadhiri mwenye miradi mitatu: wa kwanza umemwandikia asilimia 40, wa pili 40, wa tatu 30. Kila mradi peke yake unaonekana safi. Ukivigeuza kuwa miezi unapata 4.8, 4.8 na 3.6, jumla 13.2. Mwaka umemwishia na bado hajaingia darasani. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila barua iliandikwa na mtu tofauti mwaka tofauti. Fungueni jedwali moja la idara, kila mtafiti mstari wake, kila mradi safu yake, na ofisi ya ruzuku ilinde jedwali hilo. Asiwepo mtu wa kuandika asilimia kwenye ombi jipya kabla ya kuliangalia.

Kwenye jedwali hilo weka pia misaada yote ya mtafiti, hata isiyo fedha taslimu: mwanafunzi anayelipwa na mfadhili mwingine lakini anafanya kazi kwenye maabara yako, vitendanishi vya bure, na ndiyo, hiyo mashine mliyoahidiwa. Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka. Chukua makala zote za mtafiti za miaka mitatu iliyopita, soma mstari wa taasisi chini ya jina lake na aya ya shukrani mwishoni. Wakaguzi wa upande wa pili huanza hapo, kwa sababu makala zipo wazi kwa kila mtu. Shukrani zikitaja mfadhili ambaye fomu haimtaji, rekebisha fomu kabla haijatumwa. Tazama pia ukurasa wa mtafiti kwenye tovuti ya chuo na rekodi yake ya ORCID, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti mtandaoni. Kurasa hizo huwa na vyeo vya mwaka 2016 ambavyo mwenyewe amevisahau.

Kuhusu programu za kuvuta vipaji, yaani za serikali za nje kuwavuta wanasayansi: sheria ya Marekani ya CHIPS and Science ya mwaka 2022 inawataka washiriki wakuu wa mradi wathibitishe kwamba hawamo kwenye programu hizo zinazohesabiwa kuwa na nia mbaya, na nchi zinazotazamwa ni China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Soma maelezo yake vizuri usije ukawatisha watu bure. Kinachotafutwa ni mkataba unaomtaka mtu afiche uhusiano huo, ahamishe matokeo au mali ya mradi kinyemela, awaandikishe wenzake, au unaomzuia kujitoa. Kusoma shahada ya uzamivu Beijing kwa ufadhili wa serikali ya huko, kwenda mkutanoni, au kuandika makala pamoja na mwenzako wa Wuhan si kosa. Waganda wengi wamesoma huko. Andika mwaka, taasisi na aliyelipa, basi. Lakini mwenye cheo au mkataba wa kazi unaoendelea nje atoe nakala yake, na kama haukuandikwa kwa Kiingereza aambatanishe tafsiri.

Sasa kifungu kinachowaudhi watu wetu, na mimi naona wana haki ya kuudhika kidogo. Tangu Januari 2024 NIH inataka taasisi ya nje yenye ruzuku ndogo (fedha inayopitia kwa mshirika mkuu wa Marekani) impe mshirika huyo nafasi ya kuona madaftari ya maabara, data zote na nyaraka zinazounga mkono ripoti ya maendeleo, angalau mara moja kwa mwaka. Watu husaini bila kusoma, kisha mwezi wa kumi na moja wanaombwa daftari ambalo fundi aliondoka nalo. Daftari liwe na kurasa zenye namba tangu siku ya kwanza, lisiwe na ukurasa uliochanwa, kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini na tarehe, na kila Ijumaa kurasa za wiki ziskaniwe. Nafasi ya kuona inaweza kuwa ya kielektroniki, kwa hiyo hakuna sababu ya kusafirisha daftari lenyewe. Kwenye mkataba andikeni kwamba mtaonyesha data zenye namba za siri badala ya majina, na kwamba orodha inayounganisha namba na majina itabaki Uganda kwenye kompyuta isiyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni. Msipoandika, mtajikuta kati ya mfadhili wenu na sheria yetu ya data, na zote mbili zina meno.

Jueni pia kwamba tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha utoaji wa ruzuku mpya zenye ruzuku ndogo za nje ndani yake hadi iweke muundo mpya, ambao taasisi ya nje itapewa ruzuku yake iliyofungamanishwa na ile kuu. Maana yake kwenu ni kwamba usajili wa chuo kwenye SAM.gov (tovuti ya serikali ya Marekani ya wanaopokea fedha zake) na UEI, namba ya utambulisho wa chuo humo, visiwe jambo la kukimbizana nalo wiki ya mwisho. Usajili huo huhuishwa kila mwaka. Kinachokwamisha mara nyingi ni jina: cheti cha chuo kinasema hivi, benki inasema vile, anwani ya sanduku la posta imeandikwa kwa namna tatu. Chagueni namna moja ya kuandika, herufi kwa herufi, ibandikwe ukutani kwa mhasibu.

Na mhasibu huyo huyo amwambie mtu wa manunuzi habari hii. Kanuni ya fedha za serikali ya Marekani, 2 CFR 200.216, tangu Agosti 2020 inakataza kutumia ruzuku kununua vifaa fulani vya mawasiliano na kamera za ulinzi vya Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision na Dahua. Nendeni pale mjini Kampala mkaulize bei ya kamera ya kulinda chumba cha friza: ya kwanza kuonyeshwa yaweza kuwa moja ya hizo, na ni nzuri na ni nafuu. Mkinunua kwa fedha ya ruzuku, mkaguzi anaikataa gharama hiyo na chuo kinarudisha. Modemu ya intaneti ya ofisi ya mradi kule wilayani nayo iko kwenye hatari hiyo. Kifaa ambacho chuo kilikinunua kwa fedha zake ni hesabu nyingine. Njia rahisi ni kuandika sharti hilo kwenye karatasi ya kuomba bei, ili muuzaji ajue kabla hajajaza.

Tuje kwenye mashine ya bure. Anayekupa mashine bure anataka kitu, na huenda ni jambo la halali kabisa, kama kukuuzia vitendanishi vyake miaka kumi. Muulizeni kwa barua, ajibu kwa barua: mpangilio wa vinasaba ukishasomwa unahifadhiwa wapi, kwenye diski ya mashine au kwenye seva ya kampuni nje ya nchi? Je, inafanya kazi intaneti ikizimwa? Nani ana nywila ya msimamizi wa mfumo? Fundi wao anaingia kwa mbali akiwa wapi, na je, kuna kumbukumbu ya kila alipoingia? Kampuni ina haki ya nakala ya matokeo? Inataka kusoma makala kabla ya kuchapishwa? Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Chini ya sheria ya Marekani ya udhibiti wa bidhaa na teknolojia zinazotoka nje, utafiti ambao matokeo yake yanakusudiwa kuchapishwa wazi hauguswi na masharti mengi. Mkimpa mtu haki ya kuzuia uchapishaji, kinga hiyo inatoweka, na mshirika wenu wa Marekani anaweza kulazimika kuomba leseni ndipo aweze kuwatumia kitu. Kumpa siku 30 au 60 asome na kuondoa siri zake za kibiashara ni sawa. Kumpa kura ya turufu, hapana.

Kabla hata ya barua, tafuteni jina la kampuni na la wamiliki wake kwenye Consolidated Screening List, orodha ya pamoja ya serikali ya Marekani ya watu na kampuni zilizowekewa mipaka, na kwenye orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya. Zote ni bure. Chapisheni ukurasa wa majibu wenye tarehe, hata kama hamkupata kitu, muuweke kwenye faili. Msiishie kwenye jina la kampuni tu: kampuni ambayo asilimia 50 au zaidi ni mali ya mtu aliyewekewa vikwazo na Hazina ya Marekani nayo imefungwa, hata kama haimo orodhani.

Sampuli. Hapa usalama ni wetu zaidi kuliko wao. Virusi vya Zika vilitoka kwenye msitu ulio karibu na Entebbe mwaka 1947, na virusi vya West Nile na vya Bundibugyo (aina ya Ebola) navyo vimebeba majina ya kwetu. Nani alifaidika ni mjadala wa siku nyingine, ila angalau leo kuna utaratibu. Kwanza idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa, kisha usajili wa utafiti UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) kupitia mfumo wake wa mtandaoni, kisha mtu anajitambulisha kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kabla ya kugusa mgonjwa. Kama ni majaribio ya dawa, kuna NDA, mamlaka ya dawa, pia. Kama ni wanyamapori, kuna UWA, mamlaka ya wanyamapori, na kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) kwa spishi zilizoorodheshwa. Sampuli za binadamu kutoka nchini zinahitaji mkataba wa uhamishaji uliosainiwa na pande zote mbili, na idhini ya UNCST.

Mambo yanapoharibika, chanzo huwa hivi. Fomu ya ridhaa ilisema damu "itapimwa" bila kusema itapelekwa nje wala itahifadhiwa kwa muda gani, basi inabidi kuwarudia washiriki kijijini mmoja mmoja. Au mkataba unasema seramu na sandukuni mna damu nzima. Au mkataba unasema 480 na orodha ina 496, kwa sababu kuna aliyeongeza sampuli za akiba. Zihesabuni watu wawili, orodha isainiwe siku ile ile ya kufunga.

Sanduku lenyewe, kwa sampuli za kundi B (hatari yake ni ndogo kuliko ya kundi A) zenye alama UN3373: chupa isiyovuja, kitu cha kufyonza kinachoweza kumeza maji yote yakimwagika, chombo cha pili kisichovuja, kisha sanduku gumu la nje lenye angalau upande mmoja wa milimita 100 kwa 100. Chupa au chombo cha pili, kimoja lazima kihimili shinikizo la 95 kPa. Kwa ndege, chupa moja isizidi lita 1 na sanduku zima lita 4 za sampuli. Barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) hukaa nje ya chombo cha pili, na sanduku liwe na mahali pa gesi kutokea. Fundi mwenye bidii anayezungusha utepe mpaka pasipite hewa anatengeneza bomu. Nje andikeni UN1845 na kilo za barafu. Msitume Ijumaa, kwa sababu barafu huisha Jumapili uwanjani huku ofisi ya forodha imefungwa. Na kama kuna mgonjwa anayeshukiwa kuwa na Ebola, simameni: hiyo ni kundi A, la vimelea hatari zaidi, UN2814, na Marekani inaiweka kwenye daraja la juu kabisa la vimelea vinavyodhibitiwa. Haiwahusu tena ninyi na DHL peke yenu.

Data za afya ni data maalumu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Chuo kiwe kimesajiliwa kwa ofisi ya ulinzi wa data, PDPO, na usajili huo una mwisho wake kila mwaka. Kupeleka data nje kunahitaji nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua wa kwetu, au ridhaa ya mwenye data. Kwa hiyo wekeni sentensi ya data ndani ya fomu ya ridhaa, pembeni ya ile ya damu. Taasisi ikipatikana na hatia, mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Mwambieni mzee hilo polepole, akiwa amekaa.

Kuhusu saini: mkuu wa idara hawezi kukifunga chuo. Hati ya maelewano, mkataba wa sampuli na hiyo fomu vipite kwa wakili wa chuo, na asaini mwenye mamlaka. Mshirika akiwasukuma msaini wenyewe "kwa muda", kataeni kwa adabu.

Mwisho, yule mwanafunzi wenu anayekwenda Uingereza: kama somo lake limo kwenye orodha ya ATAS (kibali cha Uingereza kwa masomo nyeti ya sayansi na teknolojia), raia wa Uganda anakihitaji kabla ya kuomba viza, na tangu Mei 2021 watafiti nao wamo. Ni bure lakini ni polepole, ahesabu wiki sita au zaidi. Maelezo ya utafiti anayojaza yawe yale yale yaliyo kwenye barua ya chuo kinachompokea. Aende na kompyuta yenye faili za safari hiyo tu; ile yenye majina ya wagonjwa ibaki kabatini.