Maswali ya Wasomaji: Dakika 20 za Kufungua Kompyuta Ni za Nani?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi niko kol senta ya benki, jina sitaji, kutwa nzima ni kadi imemezwa, muamala umekwama, pini imesahaulika. Shifti inaanza saa 1 asubuhi ila supavaiza anataka ikifika saa 1 niwe tayari napokea simu ya kwanza, kwahiyo lazima nifike saa 12 na dakika 40 niwashe kompyuta, na yenyewe inajivuta kweli, halafu nilogini mfumo wa simu, wa akaunti, wa kadi, kila mmoja na paswedi yake. Hizo dakika 20 hazilipwi, wanaziita maandalizi. Chooni tuna dakika 10 shifti nzima, ukizidisha jina linawaka jekundu kwenye skrini ya supavaiza. Ni halali kweli?
Mchovu wa Hedseti

JIBU: Mdogo wangu, maandalizi ni kupiga pasi shati nyumbani. Mifumo ya benki huwezi kuifungua ukiwa njiani, bila hiyo huwezi kumhudumia mteja, na usipoifungua mapema unaandikiwa barua, sasa hapo kama sio kazi ni nini? Mkataba namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaohusu biashara na maofisi, unasema saa za kazi ni muda ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri, haujasema mpaka simu iite, na humohumo ndo kuna kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Nchi nyingine hazijauridhia, kwahiyo soma na sheria ya kwenu. Ila hata Marekani, ambako mwajiri habanwi sana, wizara ya kazi ilitoa maelezo ya kol senta peke yake mwaka 2008, kwamba kuwasha kompyuta na kufungua programu za kazi ndo mwanzo wa siku ya kazi.

Hebu piga hesabu. Dakika 20 mara siku 6 ni saa 2 kwa wiki, wiki 50 ni saa 100, yaani siku 12 na nusu kila mwaka unafanya kazi bure.

Sasa ushahidi. Tafadhali usipige picha skrini!! Pale kuna taarifa za wateja na watakufukuza kwa kosa hilo huku la kwao likisahaulika. We andika kwenye daftari lako nyumbani kila siku umefika saa ngapi na umelogini saa ngapi, mfumo wao wenyewe unatunza muda wa kila login kwahiyo siku ya kubishana hawana pa kujificha. Angalia pia mkataba umesainiwa na nani, maana wengi mnadhani mmeajiriwa na benki kumbe ni wakala, na barua ya madai inaanzia kwa aliyesaini. Msiende mmoja mmoja, andikeni wote, kama kuna chama cha wafanyakazi kipitie, kikigoma nendeni ofisi ya kazi.

Kuhusu choo, watu wa kol senta wanapangwa kwa hesabu ya Erlang, Mdenishi aliyeitoa mwaka 1917 akishughulika na simu. Hesabu hiyo ina tabia moja: kama watu wamepangwa kwa kubana, mmoja akinyanyuka tu foleni ya simu inaruka ghafla. Ndo maana supavaiza anapagawa. Lakini aliyepunguza watu ni uongozi, sio kibofu chako.

SWALI: Juzi hedseti ilipiga mlio mkali ghafla, tangu hapo sikio linavuma na sauti ikifika jioni imekauka. Nivumilie?

JIBU: Usivumilie. Mlio wa hivo unaweza kudhuru sikio hata kama ulikuwa wa sekunde chache, nenda kwa daktari wa masikio wiki hii, na tukio liandike kwa bosi kwa barua pepe lenye tarehe na saa, ya mdomo haihesabiki. Omba hedseti yenye kizuizi cha sauti kubwa. Sauti nayo inataka maji mezani na kimya kidogo kati ya simu na simu, wakikuambia maji marufuku kisa kompyuta, omba chupa yenye kifuniko.