Mkuu, chana hiyo hotuba uliyonunua

Chana. Usiihariri, usiipunguze, usimpe mtu akupitishie macho. Nimeona picha ya ukurasa wa kwanza uliyoweka hapa, na nilipofika pale palipoandikwa kwa wino mwekundu "ANZA NA KICHEKESHO, SUBIRI WACHEKE" nimeweka simu chini nikaenda kuzunguka uani kidogo. Mwaka 2015 nilishika karatasi ya namna hiyo hiyo. Hata wino ulikuwa mwekundu.

Kwa wadau ambao hawajasoma kule juu: ndugu yetu anagombea udiwani kwenye uchaguzi mdogo. Ameuliza mambo manne: afanyeje na hofu, hotuba iwe ya dakika ngapi, avae nini, na amuige kiongozi gani. Kisha akataja kwa kupita tu, kama vile si kitu, kwamba amemlipa "mkufunzi wa hotuba" laki tano na ameshaandikiwa kurasa 9 atakazozisoma kwenye vijiji vyote vitano. Hicho alichokitaja kwa kupita ndicho kitakachommaliza.

Sasa nisikilize, mdogo wangu.

Kata niliyogombea iko mkoa wa Dodoma. Uchaguzi ulikuwa tarehe 25 Oktoba 2015 na kampeni zilianza mwishoni mwa Agosti, maana yake tuliomba kura kiangazi kimekolea. Asiyekijua kiangazi cha kwetu aelewe hivi: makorongo yanakauka, unabaki mchanga mtupu, na watu wanachimba mashimo humo humo kuyafuata maji. Shimo linaanza likiwa la kimo cha goti. Mwisho wa Septemba anayechota haonekani tena ukiwa juu. Na mchanga ule haushikani.

Nilizaliwa kata ile ile, kijiji cha jirani tu. Mashimo hayo nimeyachota mwenyewe nikiwa mtoto. Lakini nilikuwa nimeishi mjini miaka 11, nikajiona nimeshakuwa mgeni, sijui kuongea na watu. Akatokea bwana mmoja mwenye ofisi na kiyoyozi, anajiita mtaalamu wa mawasiliano ya siasa. Akachukua laki saba. Akaniambia watu wa vijijini hawasikilizi hoja, wanasikiliza sauti, na kwamba "ukishawachekesha umeshawateka". Akanifungia gesti siku mbili, ananifundisha kusimama, kunyanyua mkono wa kulia, kupandisha sauti mwisho wa sentensi. Pembeni mwa kila aya ameandika "tulia, makofi".

Vijiji viwili vya kwanza walicheka. Kichekesho chenyewe kilikuwa hiki: "Nasikia hapa maji yako mbali mpaka mke akitoka alfajiri na ndoo, mume anapata muda wa kuoa mwingine kabla hajarudi." Wanaume wakashika mbavu, wanawake wakafunika midomo kwa kanga, nami nikaamini laki saba zangu zimekwenda mahali pema.

Kijiji cha tatu tulifika saa 9 alasiri. Mkutano ulikuwa chini ya mbuyu, jenereta inanguruma nyuma ya pikapu, spika mbili juu ya madawati ya shule. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Nikasalimia "Mbukwenyi", wakaitika wachache, tena kwa sauti ya chini. Mgogo asiyeitika salamu! Mtu mwenye masikio angeshuka pale pale akauliza kuna nini. Mimi nilikuwa na karatasi. Nikasoma kichekesho.

Hakuna aliyezomea. Heri wangezomea. Mama mmoja mtu mzima wa mbele kabisa, amevaa kaniki, alisimama, akachukua kigoda chake, akakikung'uta vumbi kwa kiganja, akageuka akaondoka. Taratibu, kama mtu anayekwenda kuangalia chungu jikoni. Akafuata wa pembeni yake. Kisha wanawake wote wa mbele. Nami nikaendelea kusoma. Nilifika palipoandikwa "tulia, makofi", nikatulia, nikasubiri makofi, na kilichosikika chini ya ule mbuyu ni jenereta peke yake.

Mzee mmoja akamnyooshea fimbo kijana wangu: "Zima hiyo mashine." Ikazimwa. Akanigeukia bila hasira yoyote. "Mwanangu, Jumanne tumezika. Binti wa darasa la sita. Mchanga wa korongo umemfunika akichota maji. Huyo aliyetangulia kuondoka ni bibi yake."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne ile, saa wanafukia kaburi la mtoto, mimi nilikuwa gesti mjini nafundishwa kunyanyua mkono wa kulia.

Nilishindwa kwa kura 43. Kwenye vituo vya kijiji kile nilipata 11. Kura nimeshazisahau, nimezitaja tu kwa sababu najua kuna watakaouliza. Ule mkono unaokung'uta vumbi la kigoda sijausahau mpaka leo.

Usiku ule nilimpigia mkufunzi. Unajua alinijibu nini? Kwamba nimepata "hadhira ngumu". Watu wako matangani, yeye anawaita hadhira ngumu! Akaniambia kijiji cha nne nibadilishe kichekesho, anacho kingine, atanitumia. Mganga wa kienyeji dawa ikigoma unaweza hata kumdai kuku wako. Huyu sikumpata tena kwenye simu, na baadaye nikaja kusikia hotuba ile ile, neno kwa neno, kwa mgombea wa kata nyingine, wa chama kingine, pamoja na mke na ndoo yake. Nina uchungu na watu hawa kwa sababu wanamkuta mtu mwenye kwao, mwenye lugha ya kwao, anayewajua watu kwa majina, wanamwambia hajui kuongea, kisha wanamuuzia maneno yasiyo na kwao. Na wewe wa kwako ameshakuuzia kurasa 9 za vijiji vitano ambavyo hajawahi kukanyaga hata kimoja. Nakuhakikishia hajui hata wanalima nini.

Kuhusu wa kumuiga. Mwaka ule wa 2015 kila mgombea alitaka kuwa Magufuli. Alipiga pushapu jukwaani, basi kata nzima wagombea wakaanza kupiga pushapu na kukwaruza koo. Tukasahau kwamba yule alikuwa Waziri wa Ujenzi, barabara anazitaja kwa kilomita zake bila kuchungulia karatasi, kutoka wapi mpaka wapi. Anayemsikiliza anajua barabara hiyo, ameipita na vumbi lake, kwa hiyo anamwamini. Sisi tuliiga pushapu tukaacha kilomita. Na Lowassa, mgombea urais wa upinzani mwaka huo huo, alikuwa akiongea dakika chache tu na kushuka, watu wakamsema sana, lakini "elimu, elimu, elimu" ilishikwa hata na watoto wasio na umri wa kupiga kura.

Mwalimu Nyerere ndiyo usiseme. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, alilieleza taifa jambo zito kuliko yote kwa maneno ya mtu aliyekaa barazani: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hakuna neno hapo ambalo bibi yangu asiyejua kusoma angehitaji kuelezwa. Ukisikiliza ile ya Mei Mosi 1995 pale Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ya rushwa na ukabila na udini, utamsikia anauliza kama yuko darasani, anaacha watu wafikiri, anacheka nao. Alikuwa mwalimu kweli, amefundisha Tabora na Pugu, na mwalimu mzuri humtazama mwanafunzi usoni akajua kama ameelewa. Huwezi kumtazama mtu usoni huku unatafuta mstari kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Sasa watazame wa siku hizi. Robo saa ya kwanza ni kutaja wakubwa mmoja mmoja. "Itifaki imezingatiwa" ilikuja ili kufupisha salamu, leo inasemwa baada ya wote kutajwa! Kisha shukrani kwa walio juu, kisha sifa, na kijiji chenye daraja lililobomoka kinasubiri juani kisikie neno daraja. Hata Kenya, sikukuu za kitaifa rais akisoma ile hotuba ya Kiingereza iliyoandaliwa uwanja unasinzia, akiikunja na kuanza Kiswahili chake mwenyewe watu wanainua vichwa. Na ile miaka ya kuzuiwa mikutano ya hadhara kwetu, kuanzia 2016 mpaka Rais Samia alipoiruhusu tena Januari 2023, imetugharimu kwa upande huu pia. Vijana wengi wamejifunzia siasa kwenye klipu za simu, na kwenye klipu hakuna bibi wa kusimama na kigoda chake mbele ya macho yako.

Kanuni yangu ni moja na sitaki unipe udhuru: usiongee mahali ambapo hujasikiliza siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, siyo wiki iliyopita. Mkutano ukiwa saa 10, wewe fika saa 3 asubuhi. Bila fulana ya chama, bila wapambe, bila gari la matangazo. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, msalimie, muulize nani amefiwa, nani kalazwa, kisima kipi kimekauka. Kisha nenda ukakae mashine ya kusaga, pale kina mama wanaposubiri zamu na debe zao. Usihoji watu kama karani wa sensa, kaa tu. Saa moja ile ina faida kuliko gesti yangu ya siku mbili. Utakaposhika kipaza sauti, sentensi yako ya kwanza itoke pale. Kama ni msiba, anza na pole, na pengine ukimaliza pole ushuke, uwaachie watu msiba wao. Kama ni pampu, sema pampu, na useme mpini wake umevunjika upande gani.

Hofu uliyoiuliza dawa yake imo humo humo. Nimekuwa katibu wa kamati ya maji baadaye, nimesimama mbele ya watu wa kata ile mara nyingi. Mikono bado inatetemeka sentensi ya kwanza. Lakini ukishamwambia mama fulani "asubuhi uliniambia hivi" naye akaitikia kwa kichwa, hapo unaongea na mtu, na kuongea na mtu umeanza tangu una miaka miwili.

Kijiji kile nilirudi Novemba baada ya matokeo, kwa miguu, sina spika. Nilimpelekea bibi rambirambi yangu na kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakisogeza kile kigoda upande wangu kwa mguu, akasema, "Kaa." Nikakaa mpaka jua likazama. Alinisimulia mjukuu wake alivyokuwa anapenda kuimba njiani kwenda korongoni, mpaka ukimsikia amenyamaza unajua amefika.

Umesema mkutano wako wa kwanza ni Jumamosi. Leo Alhamisi. Kesho nenda kijiji hicho mapema, ukawazoee watu, ukae mashine ya kusaga, na Jumamosi asubuhi urudi tena pale pale. Hizo kurasa 9 ziache nyumbani ziwashie jiko. Kesho jioni tuandikie hapa hapa walikuwa wanaongea nini, kwa maneno yao, kabla hujatunga sentensi hata moja ya kwako. Nitakuwa nasubiri.