Maswali ya Wasomaji: Bendera Moja, Mioyo Tofauti

SWALI: Mimi na mdogo wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Tangu 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, nimeweka bendera ya Taifa mlangoni. Yeye anaona ni maonyesho tu. Kwake uzalendo ni kulipa kodi na kutoa risiti. Juzi mzee mmoja, mteja wetu, katwambia bendera tumeipindua. Nani yuko sahihi?

JIBU: Anzeni kwa mzee. Bendera yetu hupinduliwa mara nyingi kwa sababu moja: ukiigeuza juu chini, mkanda mweusi bado unapanda kuelekea upande uleule, kwa hiyo jicho halishtuki. Angalia rangi ya juu iliyo jirani na mlingoti. Iwe kijani. Ukikuta buluu pale, imepinduliwa. Mkanda mweusi, wenye mistari ya dhahabu kila upande, uanzie chini kwenye mlingoti, ukipanda hadi kona ya juu ya upande unaopepea. Vipimo ni mbili kwa tatu: kimo cha sentimita 60 kinataka urefu wa 90.

Kama imekaa hapo mchana na usiku tangu Desemba, kuna kosa la pili. Desturi ni kuipandisha saa 12 asubuhi na kuishusha saa 12 jioni. Jua na upepo huila haraka, na pindo la upande unaopepea ndilo hunyonyoka kwanza. Likaguliwe kila wiki. Ikipauka au kuchanika, ishushwe. Na kabla ya kuichapa kwenye mifuko au bango la duka, ulizeni ofisi ya mkuu wa wilaya, maana Sheria ya Nembo za Taifa inabana matumizi yake ya kibiashara.

Mdogo wako asilazimishwe kuipenda kama wewe. Anayetoa risiti kwa kila mfuko wa saruji anaijenga nchi hata asipoitazama bendera. Ninyi wawili hamna ugomvi; mna kazi mbili katika duka moja.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Mwanafunzi wangu mmoja husimama wima wimbo wa Taifa ukiimbwa, lakini hafungui kinywa. Anasema imani yake haimruhusu. Wenzake wanamwita msaliti. Nimwadhibu?

JIBU: Usimwadhibu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo huo, na ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani. Wafundishe darasa zima wimbo wenyewe: ubeti wa kwanza unaiombea Afrika, wa pili Tanzania, na tuni yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897. Ni sala. Wakishalielewa hilo, wataona kwa nini kwa mwenzao jambo hili linagusa ibada. Cha kukemea, tena siku hiyohiyo, ni neno "msaliti".

SWALI: Nimezaliwa Muscat, bibi yangu aliondoka Unguja baada ya 1964. Mjomba hunyamaza kutwa ikifika 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar, na binamu zangu Unguja husherehekea. Mwaka huu nitakuwa kwao siku hiyo. Nifanyeje?

JIBU: Nenda. Kwa wengine Mapinduzi ni kukombolewa, kwa wengine ni kufiwa na kuhama, na nyote ni ukoo mmoja. Ukialikwa kwenye gwaride, simama wimbo ukipigwa. Hiyo ni adabu, si kiapo. Maswali kuhusu mwaka ule usiyaulize mbele ya sinia siku ya sherehe. Subiri siku mbili tatu, kaa na mzee mmoja peke yake barazani, umwache aanzie anapotaka. Na usiku wa kuamkia sikukuu, mjomba usimtumie picha za fataki. Mpigie simu asubuhi umjulie hali.