Mwanachuo apelekwe darasa la awali mapema

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza vyuo vya ualimu vibadilishe nini ili walimu wa darasa la awali watoke wakiwa wameiva. Mimi nafundisha awali hapa Tanga, upande wa Pongwe, na hupokea wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Ninachoomba ni hiki: wapelekwe kwa watoto tangu muhula wa kwanza, na wakae nao.

Wengi ninaowapokea wana andalio la somo safi na nadharia wanazijua. Binti mmoja aliingia kufundisha namba. Watoto wakaimba moja hadi ishirini bila kukosea, akafurahi. Nikamwambia amwite mtoto yeyote, amwagize vizibo vinne vya soda. Mtoto akachota gao zima. Wa pili akafanya vilevile. Binti akashangaa, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kutaja namba kwa kufuatana ni jambo moja na kujua idadi ni jingine. Tukakaa naye mkekani: mtoto anagusa kizibo, anasema moja, anakisogeza pembeni, anagusa kingine, mbili. Haikuchukua muda akawa anajua nani anaruka kizibo na nani anakihesabu kimoja mara mbili. Ujuzi huo haupo kwenye notisi. Unaupata kwa kutazama vidole vya mtoto.

Na vidole hivyohivyo hulazimishwa penseli kabla havijapata nguvu. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kwanza kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchana karatasi, kuchora mchangani. Mwanachuo asiyelijua hili humwita mtoto mvivu, na neno hilo huniuma kila ninapolisikia.

Tena kuna lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kidigo au Kisambaa anaweza kukaa kimya siku nyingi, mgeni akadhani haelewi kitu. Mruhusu ajibu kwa lugha ya nyumbani, utasikia mengi.

Wingi wa watoto nao hauepukiki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitaka kila mtoto apate elimu ya awali isiyopungua mwaka mmoja, na elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yakafurika. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Huku kwetu kukuta idadi hiyo mara mbili si ajabu. Kona za kujifunzia wanazosoma chuoni, yaani pembe za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia, ni nzuri, ila wajifunze kuziendesha katika chumba kama hicho, si kwa wanachuo wenzao wanaojifanya watoto.

Wakufunzi wao pia warudi kufundisha awali mara kwa mara, muhula mzima, wala si ziara. Sioni namna nyingine ya mtu kumfundisha mwenzake kazi asiyoigusa.

Mwisho, alama za mazoezi. Mkufunzi hukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, akaandika, akaondoka. Mwalimu mlezi, yaani mwenye darasa anayempokea mwanachuo, ndiye aliyemwona mwanachuo akimbadilisha nguo mtoto aliyejikojolea bila kumwaibisha mbele ya wenzake, au akimkaripia. Naye apewe fomu ya kujaza, na alichoandika kihesabiwe kwenye matokeo.