Mapungubwe: tunajuaje nani alitangulia wapi?

Swali: Nasikia wenyeji wa Mapungubwe, Afrika Kusini, walihamahama kabla na baada ya kukaa kilimani. Hawakuacha maandishi. Nyinyi wanaakiolojia mnajuaje mfuatano huo, na kwa nini walihama?

Jibu: Ahsante, ndugu msomaji. Karibu na makutano ya mito Limpopo na Shashe kulikuwa na makazi makuu matatu: Schroda, karne ya 10; K2, toka mwaka 1000 hivi hadi 1220; kisha kilima cha Mapungubwe, kilomita moja tu kutoka K2, hadi karibu na 1300. Umri wa mkaa hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita, lakini kipimo hicho huacha mwanya wa miongo kadhaa, kwa hiyo tunakioanisha na vigae vya vyungu. Mapambo ya vyungu hubadilika kizazi hadi kizazi, na tabaka za chini kabisa upande wa kusini wa kilima zina vigae vya mtindo wa K2. Waliopanda kilimani walikuwa wa jamii ileile, hawakuwa wavamizi.

Kuhusu sababu, mimi huanza na zizi. Pale K2 zizi kuu lilikuwa katikati ya kijiji. Jaa la jirani yake likakua mpaka likalifunika, na ng'ombe wakahamishwa. Mfugaji hakubali jambo hilo kirahisi! Wakati huohuo shanga za kioo zilikuwa zikiingia kutoka Bahari ya Hindi, pembe za ndovu zikitoka. Mafundi wa K2 walizikusanya shanga ndogo, wakaziyeyusha katika kalibu za udongo, wakatoa shanga nene za kwao. Utajiri ulikwisha kupata mlango mwingine mbali na mifugo, na walioushika wakajitenga: mtawala juu ya kilima, raia chini. Kifaru mdogo wa mabati ya dhahabu, yaliyopigiliwa kwa vijimisumari vya dhahabu, alitoka katika makaburi ya huko juu.

Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba kuhama kwao mara ya mwisho kulisababishwa na ukame, lakini hoja hiyo imepingwa. Mimi naupa uzito zaidi ushindani wa mji wa kale wa Zimbabwe Kuu, uliopeleka dhahabu Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na kupitia huko hadi Kilwa.

Kinachotuumiza ni kwamba wachimbaji wa miaka ya 1930 waliondoa udongo mwingi wa kileleni bila kumbukumbu za kutosha, kwa hiyo tunategemea zaidi tabaka za upande wa kusini, chini ya kilima.