Jibu: Mbwa wetu na mkesha wa Krismasi

Ndugu yangu, umeuliza kama ni vibaya mbwa kukaa nanyi sebuleni wakati wa sala ya mkesha wa Krismasi, na umfanyeje wageni wakijaa. Kwa imani yangu si vibaya hata kidogo. Mithali 12:10 inamsifu mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake, na Mtoto Yesu mwenyewe alilazwa horini, mahali pa kulishia mifugo. Wa kwetu hulala miguuni pa mama tukisoma Luka 2, na wimbo ukianza huinua masikio. Nampenda sana saa ile.

Ninachokuomba uwe mkali nacho ni chakula. Chokoleti ina kemikali iitwayo theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo hatari inavyozidi. Zabibu, hata zile kavu zilizofichwa ndani ya keki, zinaweza kuharibu figo zake. Vitunguu pia asipewe, wala mifupa iliyopikwa, kwani hupasuka vipande vyenye ncha. Waambie watoto na wageni kabla hawajakaa mezani.

Kuhusu wageni, mtembeze vizuri kwanza, kisha mwandalie chumba tulivu chenye tandiko lake na maji, aingie na kutoka apendavyo. Kama huko kwenu kuna theluji na barabara zimemwagiwa chumvi, mwoshe nyayo mkirudi, maana chumvi humchoma na atailamba. Fataki zikianza, kaa naye.