Karanga za njano kwenye udongo wa chokaa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Shamba langu liko Kilwa, karibu na pwani, na udongo una vijiwe vyeupe vya chokaa. Baada ya mvua kubwa karanga zimegeuka njano, lakini mahindi ya pembeni ni kijani. Nimeambiwa udongo umeishiwa chuma. Mbona mahindi hayajadhurika?

JIBU: Marahaba, mama. Angalia kwanza majani. Kama yaliyogeuka njano ni machanga ya juu, na mishipa yake imebaki kijani, huo ni upungufu wa chuma. Njano ikianzia majani ya chini, shuku nitrojeni.

Chuma kimo tele shambani mwako, ila kwenye chokaa hakiyeyuki, na mzizi hunyonya kilichoyeyuka tu. Karanga ikikikosa huhangaika kweli: ncha za mizizi hunenepa, vijinywele huongezeka, na mzizi hutoa asidi ili kukiyeyusha. Kisha kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kilicho juu ya mzizi hukibadili kiwe aina inayoweza kupita ndani. Chokaa huizima asidi hiyo papo hapo. Maji yakituama, kabonidioksaidi inayotolewa na mizizi na vijidudu hushindwa kutoka, bikaboneti (inayotokea gesi hiyo ikikutana na maji na chokaa, nayo huzima asidi) huongezeka, na mmea huzidi kushindwa. Ndiyo maana njano ilikuja baada ya mvua.

Mahindi, kama nyasi zote, yana mbinu nyingine. Mizizi yake humwaga kemikali inayokishika chuma kama koleo, halafu huvirudisha ndani vyote viwili pamoja. Chokaa haiizuii sana njia hii. Shayiri ndiyo hodari zaidi. Mpunga hutoa kidogo.

Tena jirani hufaidika! Watafiti wa China walipanda karanga na mahindi pamoja kwenye udongo wa chokaa, na karanga zilizokuwa karibu na mahindi zikapata chuma zaidi. Kwa hiyo msimu ujao usiyatenge. Changanya mistari, mizizi ikutane. Panda kwenye matuta ili maji yasituame. Mahindi yakihitaji mbolea, SA (salfeti ya amonia) inafaa kuliko CAN (yenye kalisi), ila ifukie.

Kwa sasa nyunyizia majani salfeti ya chuma, gramu 100 kwa bomba la lita 20, jioni jua likipoa, na urudie baada ya wiki mbili hivi majani mapya yakitoka bado njano. Usiimwage ardhini, maana chokaa itaifunga nayo.